Rangi ya Mafuta

Mwaka ule hakuna askari aliyekufa Kampala. Walikuwa wanasafiri tu. Ukienda kambini kuuliza, unaambiwa fulani amesafiri. Ukiuliza amesafiri kwenda wapi, unatazamwa mpaka unakumbuka kwamba una watoto nyumbani. Sajenti Saverio Okot naye alikuwa amesafiri. Alisafiri bila sanduku wala koti, mkono wake wa kulia ukiwa na madoa ya rangi ya maziwa, kwa sababu asubuhi ile kabla ya kwenda kazini alikuwa amemsaidia fundi kupaka ukuta wa sebule.

Ukuta wenyewe uliishia nusu. Kutoka mlangoni mpaka dirishani ulikuwa umepakwa, na kutoka dirishani kuendelea ulikuwa plasta tupu. Obonyo, fundi wao Mkenya, aliposikia kwamba Sajenti amechukuliwa, aliacha brashi zake ndani ya kopo akapanda gari la kwenda kwao Kisumu, na hakuna aliyemlaumu. Tangu hapo Lamunu, mke wa Saverio, alikuwa anakaa kwenye kochi akiutazama ule mpaka wa rangi na plasta. Alijua mahali hasa mumewe alipoiweka brashi chini.

Luteni Fabiano alikuja asubuhi, na gari la jeshi likabaki nje likinguruma. Huyu alikuwa mtu wa nyumba ile. Jumapili ngapi alikuwa amekaa kwenye kochi lile lile akila ugali wa wimbi na mboga za simsim, akimsifu Lamunu mpaka Saverio anamwambia aoe wake. Siku hiyo hakukaa. Alichungulia barazani, akamwona mama mzee Alal, mama yake Saverio aliyefika na lori kutoka Kitgum, akipepeta simsim pamoja na mjukuu wake Amito.

"Shemeji, funga mlango kidogo."

Lamunu akaurudisha mlango.

"Yule bwana yako hapana rudi," Fabiano akasema.

"Amesafiri wapi?"

"Shemeji. Mimi nasema hapana rudi. Mimi naona na macho yangu. Usiulize mimi naona nini."

Lamunu akafungua kinywa. Kilio cha kwao hakina kunong'ona. Kikitoka kinatoka na kijiji kizima kinakuja mbio. Lakini hakikutoka, maana Fabiano alikuwa ameshampiga kiganja cha mdomo na kumbana ukutani. Mkono ule ulinuka sigara. Ulikuwa mkono alioumiminia maji ya kunawa kila Jumapili, na sasa ulikuwa umemziba pumzi ndani ya nyumba yake mwenyewe, na yeye akaona aibu kana kwamba ndiye aliyekosea.

"Kulia hapana," Fabiano akasema, akitupia jicho dirishani. "Sikia. Iko watu ya usalama nazunguka hapa Kisugu yote. Naangalia nyumba ya askari ya Acholi na ya Lango. Wakikuta mwanamke amenyoa kichwa, amewasha moto ya matanga, wanasema hii nyumba inatangaza serikali imeua mtu. Halafu wanarudi usiku. Wewe iko na mtoto. Unaelewa?"

Lamunu akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Kiganja kikaondoka.

"Sasa nifanye nini, shemeji?"

Fabiano akatazama huku na huku kama mtu aliyeulizwa swali shuleni. Macho yake yakaangukia ukutani.

"Maliza rangi," akasema. "Ndiyo. Mwanamke anangoja bwana yake, anapamba nyumba. Watu wakipita wanaona rangi mpya, wanasema huyu hana neno. Kesho nitakupeleka dukani Kikuubo kwa mtu yangu. Utachagua rangi yote unataka."

"Na mama?"

"Mama mzee usiambie kitu. Ile kilio yake itafika mpaka kambini."

Alipokuwa anatoka aliiona radio ya Saverio juu ya kabati, akaichukua na kuikumbatia kifuani. "Hii nitamwekea Saverio," akasema. Kisha akakumbuka alichokuwa amekisema muda mfupi uliopita, akababaika, lakini radio hakuirudisha.

*

Kwao Alal wanaokandika nyumba ni wanawake. Wao ndio wanaojua udongo upi uende chini na majivu yapi yaende juu, na mwanamke husifiwa kwa ukuta wake kama anavyosifiwa kwa chungu chake. Lakini akifa mwenye nyumba, mikono huwekwa chini. Ukuta unaachwa ulipofikia, hata kama umebaki kiganja kimoja kumalizika, mpaka matanga yaanuliwe. Mwanamke atakayeukandika kabla ya hapo, watu watamwuliza ni nani aliyekuwa anangoja kuhamia.

Ndiyo maana siku aliyofika kutoka Kitgum, Alal hakuuliza habari. Aliingia sebuleni, akaweka mzigo chini, akapitisha vidole pale rangi ilipokutana na plasta, akatoka kwenda kukaa barazani. Hakula usiku ule, na kesho yake alikunywa uji tu, tena kwa kubembelezwa. Lamunu naye hakusema kitu, kwa sababu wakati ule hakuwa na la kusema. Sasa alikuwa nalo, na alikuwa amekatazwa.

"Yule askari amekuja kusema nini?" Alal aliuliza gari lilipoondoka. Ilikuwa kwa Kiacholi, lugha waliyoizungumza wao kwa wao. Lamunu hakuwahi kumsikia mama mkwe wake akisema neno la Kiswahili.

"Amesema kesho atanipeleka kununua rangi, mama. Nimalizie nyumba."

Yule bibi akaacha kupepeta. Akamtazama mkaza mwanawe kwa muda mrefu, mpaka Lamunu akainama kuokota simsim iliyomwagika, kumbe hakuna iliyomwagika.

"Utapaka?"

"Nitapaka, mama."

"Nyumba yote?"

"Yote. Isipokuwa mlango wa mbele. Mlango Saverio alisema atauchagulia rangi mwenyewe."

"Basi mwanangu yuko hai," Alal akasema. "Mwanamke mwenye akili zake hawezi kukandika ukuta wa marehemu. Nipe chakula, mwanangu, nina njaa."

Akala. Lamunu alisimama pale akimtazama bibi wa watu anavyokata tonge na kuchovya, na akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

*

Duka la mtu wa Fabiano lilikuwa la Mhindi zamani, kabla Wahindi hawajafukuzwa. Mwenyewe wa sasa alikuwa Muganda mnene, mmoja wa wale waliotajirika upesi ambao mjini waliitwa mafuta mingi, na alikuwa bado anauza kwa kadi ya rangi aliyoiacha Mhindi. Kadi ilikuwa nzuri, ina rangi kama za kanga. Tatizo ni kwamba karibu kila rangi uliyoiwekea kidole haikuwepo.

"Hii iko?"

"Hakuna, nnyabo," akasema, yaani bibie kwa Kiganda.

"Na hii ya maziwa? Nataka ifanane na ile tuliyoanzia."

"Ilikwisha zamani, nnyabo. Mimi niko na kijani hii, na buluu ya hospitali."

Wanawake waliokuwa wamepanga foleni ya sabuni walikuwa wameshaliona gari la jeshi lililomleta. Walimpisha haraka, kisha nyuma yake wakaanza kuambizana kwamba bwana wa huyu lazima amepata cheo. Mmoja akasema wenzetu wanapaka rangi na sisi tunafua kwa majivu. Lamunu alisikia, maana walitaka asikie.

Kijani. Rangi hiyo ndiyo aliyoitaka yeye tangu mwanzo, na ndiyo waliyogombania na Saverio kwa muda wote ule. Saverio alisema kijani ni ya ofisi za serikali, na rangi ya mafuta yenye kung'aa ni ya hospitali, mtu hawezi kulala ndani yake bila kuota sindano. Alitaka rangi ya maji, iliyotulia. Yeye Lamunu alitaka ya mafuta ili mikono ya Amito iweze kufutwa kwa kitambaa. Mwishowe alimwachia mumewe kuta, na mumewe kwa furaha ya kushinda akadai na mlango pia. "Mlango nachagua mimi, na sikwambii rangi. Utaiona siku yenyewe." Alimsumbua kitandani amwambie, akakataa, akacheka mpaka Amito akaamka.

"Nifungulie kopo nione," Lamunu akasema.

Mwenye duka akabandua kifuniko cha kopo la kijani. Lamunu akainama kutazama, na harufu ile ikampanda puani na machoni kwa pamoja. Machozi yakatoka. Yalianza kwa ajili ya rangi, lakini yalipopata njia yakaja na mengine yaliyokuwa yamezuiwa tangu jana, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Fabiano, aliyekuwa amesimama mlangoni akivuta sigara, akageuka haraka. "Nini huko?"

"Ni langi, afande," mwenye duka akasema kwa woga. "Langi ya mafuta inachoma macho. Nnyabo, usiiname hivyo."

"Ah. Langi," Fabiano akasema kwa kumwigiza, akacheka, akageuka tena kutazama barabara.

Lamunu akabaki ameinama juu ya kopo. Alikuwa amelia mchana kweupe katikati ya Kikuubo, mbele ya Luteni, na hakuna aliyemfanya kitu. Akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Nipe hii," akasema. "Ya nyumba nzima."

"Hata vyumba vya kulala? Watu wanaweka langi ya maji, nnyabo. Hii itakunukia siku nyingi."

"Hata vyumba vya kulala."

"Na dali?"

"Hata dari."

Mwenye duka akamtazama Fabiano kuona kama mwanamke huyu ana akili timamu. Fabiano akapunga mkono kwamba ampe. Makopo yakatolewa yote yaliyokuwepo, na yalipohesabiwa yakaonekana hayatafika jikoni. "Jikoni nakupa hii moja ya maji," mwenye duka akasema, akaongeza kopo jeupe. "Hiyo haina halufu hata kidogo. Utapaka hata ukiwa unapika."

*

Alipaka mwenyewe kwa brashi za Obonyo. Alianza na chumba cha kulala. Alifunga madirisha, jambo ambalo fundi rangi yeyote asingelifanya, akapanda juu ya meza, akapaka na kulia. Alimlilia mume wake jinsi anavyostahili kuliliwa, kwa jina lake na majina ya utani, ila sauti aliitoa chini kabisa, mdomo ukiwa umeelekea dari. Alipochoka alitoka nje macho yamevimba, akaketi barazani kupunga upepo.

"Mama, mbona unalia?" Amito aliuliza mara ya kwanza.

"Rangi, mwanangu. Rangi hii inachoma macho."

Amito aliingia, akanusa, akatoka akipikicha macho yake, akaridhika. Alal alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka.

Zulaika, jirani yao Mnubi, ambaye mumewe alikuwa dereva kambini, alikuja kuona. Alisimama kwenye kizingiti amejiziba pua kwa ushungi.

"Mama Amito, hii si rangi ya ukutani! Hii rangi ya mlango na madirisha. Nani alikudanganya?"

"Nimeipenda tu, mama."

"Umeipenda." Zulaika akaangalia makopo, akaangalia na alama za magurudumu ya gari pale uani. "Wenzako wa kwenu hata kupika wanaogopa siku hizi, wewe unang'arisha nyumba. Bahati yako. Inaonekana Luteni anakujali sana. Bwana akirudi atashangaa." Akaurekebisha ushungi. "Na asiporudi, nyumba haikosi mtu, sivyo?"

Lamunu alikuwa na brashi mkononi. Angeweza kumpaka nayo usoni. Angeweza kumwambia ukweli, na kufika jioni Zulaika angekuwa amemwambia mumewe, na mumewe angekuwa amewaambia kambini. Akacheka. Alijisikia akicheka kile kicheko cha mwanamke mwenye siri tamu, na akamwacha Zulaika aondoke na alichokuja kukitafuta. Kesho yake wanawake wa bombani walimpisha achote maji kwanza, bila salamu.

*

Watu wa usalama walikuja wawili, wamevaa mashati ya maua na miwani myeusi, na Fabiano akiwa nyuma yao. Fabiano alikuwa anatokwa na jasho. Lamunu alikuwa amemaliza sebule, na kopo la jikoni lilikuwa limefunguliwa tayari. Sehemu ile ya Saverio aliifunika mwisho kabisa, na alipofika pale brashi ya mumewe ilipoishia alisimama mpaka kijani kikaanza kumdondokea miguuni. Sasa sebule yote iling'aa kama sahani.

Wale wawili walizunguka chumba hadi chumba. Mmoja aligusa ukuta, akatazama kidole chake, akakifutia kwenye pazia.

"Bwana wako yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Macho yako mbona nyekundu? Ulikuwa unalia nani?"

Kabla Lamunu hajafungua kinywa, Amito akajibu kutoka chini ya meza, kwa haraka ya mtoto anayejua: "Rangi inachoma mama macho. Kila siku. Hata mimi inanichoma."

Yule mtu akavua miwani. Yeye mwenyewe alikuwa anapepesa. Akacheka, mwenzake akacheka, na Fabiano akacheka kuwashinda wote. Walikuwa wameshafika nje, na Lamunu anaanza kupumua, yule wa pili aliposimama mbele ya mlango. Mbao zilikuwa wazi, zimekwaruzwa kwa msasa na kuachwa.

"Nyumba yote umepaka. Hii mlango umeacha. Kwa nini?" Akamgeukia Fabiano. "Kwa hawa watu ya kaskazini iko desturi, mtu akikufa wanaacha kazi nusu. Si ndiyo, Luteni?"

Fabiano akaacha kucheka. Hakumwangalia Lamunu. Alisogea hatua kando, kidogo tu, jinsi mtu anavyompisha mwenye mzigo mchafu.

"Mlango ni ya mwenyewe."

Wote wakageuka. Alal alikuwa bado amekaa kwenye mkeka wake na ungo wake mapajani. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha zamani, cha enzi za Mwingereza.

"Mimi bibi ya askari," akaendelea. "Bwana yangu alikuwa Keya, askari ya Mwingereza, mimi nakaa laini ya askari kabla nyinyi kuzaliwa. Mtoto yangu alisema rangi ya mlango atachagua yeye. Mke yake hawezi kuchagua mbele ya yeye, hiyo si adabu. Yeye akirudi, atapaka. Sisi nangoja."

Yule wa usalama akamtazama yule bibi, aliyeketi mgongo wima kama aliye kwenye gwaride. Alal akamtolea tabasamu lenye meno machache.

"Mama anajua adabu," yule mtu akasema hatimaye. "Sawa, mama. Ngojeni."

Wakaingia garini. Fabiano ndiye aliyekuwa wa mwisho, na kabla hajapanda alisema kwa sauti ya kusikika, "Nyumba imekuwa nzuri sana, shemeji." Ndani ya gari radio ilikuwa inapiga muziki. Lamunu aliitambua kwa ile kamba ya viatu ambayo Saverio aliifungia badala ya mkanda.

Gari likaenda. Lamunu akabaki amesimama na mikono yake ya kijani. Alikuwa anakumbuka asubuhi ile ya kwanza: mlango umerudishwa tu, Fabiano anasema hapana rudi, na upande wa pili wa mbao zile zile, bibi ambaye yeye alidhani hajui Kiswahili, akipepeta simsim.

"Mama," akasema.

"Kumebaki jikoni," Alal akasema kwa lugha yao. Akajiinua kwa kushika ukuta. "Nipe brashi. Wewe umepaka sana peke yako."

*

Alal alipaka jikoni kama wanavyokandika kwao, kwa mizunguko mipana ya mkono mzima. Rangi nyeupe ilimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Dirisha lilikuwa wazi na upepo wa mchana ulikuwa unaingia. Lamunu alikuwa nyuma yake ameshika kopo, na kwa muda mrefu alichokisikia ni mkwaruzo wa brashi tu. Kisha mkwaruzo ukaanza kukatika. Bibi alipogeuka kuchovya, uso wake wote ulikuwa umelowa, machozi yanafuata mikunjo mpaka kidevuni.

"Rangi yenu hii," Alal akasema, "inachoma macho kweli."

Lamunu akatazama kopo alilolishika. Lilikuwa lile jeupe, la maji. Halikuwa na harufu hata kidogo.

Akaliweka chini. Akamshika mama mkwe wake mabegani kwa mikono yake yenye rangi, na wakaegemeana pale mbele ya ukuta mbichi, bila sauti, vinywa vyao wamevizibia kila mmoja kwenye bega la mwenzake. Amito alichungulia mlangoni, akawaona, akarudi kucheza. Rangi ile alishaizoea.

"Mama Amito!" Zulaika akaita kutoka uzioni, sauti imejaa sukari, maana alikuwa ameliona gari la usalama likija na likiondoka kwa amani. "Jamani nyumba imependeza! Hongereni!"

Alal akainua kichwa kutoka begani. Akajipangusa kwa kiganja, akajiachia mchirizi mweupe shavuni.

"Asante!" akajibu kwa Kiswahili, kwa nguvu, ili nyumba zote za jirani zisikie. Akachovya brashi tena.